Mashati Matatu Yaliyoanikwa Ndani

Kila asubuhi Fundi alitoka nyumbani akiwa amevaa uongo. Ulikuwa uongo wa rangi ya buluu, wenye mifuko mikubwa na madoa ya grisi magotini: ovaroli yake ya zamani, ile aliyolala nayo chini ya magari ya watu miaka yote kabla mgongo haujamgomea. Mkononi alishika mfuko mweusi wa plastiki, na kila aliyemkuta uani alidhani mna chakula cha mchana. Kumbe mlikuwa na shati jeupe, tai ya kijivu, suruali nyeusi iliyokunjwa kwa adabu zote, na viatu vilivyofungwa kwenye gazeti.

"Kazi njema, Fundi," mama wa chumba cha kona alimwambia, kwa sauti ya kumpa pole.

"Ahsante, mama. Tunasukuma hivyo hivyo."

Akifika gereji hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akaingia stoo ya vipuri, akajibana kati ya rafu ya vichujio vya mafuta na rafu ya breki, akavua ovaroli na kuvaa suruali huku akirukaruka kwa mguu mmoja. Mtunza stoo, ambaye Mungu alimpa mdomo kabla ya kumpa kazi, hakuwahi kumwacha apite bure.

"Bwana harusi! Leo bibi harusi umemwacha wapi?"

"Nipishe, bwana."

Halafu Fundi alitokea upande wa pili wa jengo, amenyooka, tai shingoni, akaketi kwenye meza ya mapokezi. Kazi yake ilikuwa kumpokea mwenye gari, kusikiliza gari linalalamika nini, kuandika kadi, kumwambia bei na siku ya kurudi. Alikuwa amepanda cheo. Alipanda cheo, akawa anajificha kama aliyeiba kuku. Unacheka? Subiri kwanza usikie yaliyompata.

Mgongo ndio ulioanza. Siku moja alikuwa anashusha gia boksi na mwenzake, akasikia kitu kimekatika kiunoni, na kuanzia hapo hakuinama tena bila kuuma meno. Daktari alimwambia asinyanyue kitu kizito maisha yake yote. Fundi wa magari asiyenyanyua kitu ni mtu wa kupeleka nyumbani, na Fundi alikwisha kuanza kujiandaa kupelekwa. Lakini meneja, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi, alimwita na kumwambia kuwa mpokea wateja ameacha kazi, na kwamba yeye anajua magari na anajua kusoma na kuandika. Angejaribiwa kwa miezi mitatu kwa mshahara ule ule. Akifaulu, angethibitishwa, na nyongeza ingefuata. Asipofaulu, pale chini kwenye shimo la mafundi nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na kijana mwenye mgongo mzima. Kwa hiyo ilikuwa ama ile meza, ama barabara.

Kampuni ikaleta mkufunzi, mama mwenye miwani na kompyuta, akawafundisha nusu siku habari za weledi. Weledi, alisema, huanza na vitu viwili: mfuko wako na mwonekano wako. Asiyejua pesa yake inapotelea wapi haaminiki na pesa ya mwajiri, na aliyevaa ovyo huonekana anafanya kazi ovyo. Gawa mshahara wako kwenye bahasha siku ile ile unapoupokea. Vaa kwa ajili ya kazi unayoitaka. Fundi aliandika kila neno. Hakuwa mtu wa dharau, na kusema kweli mama yule hakukosea, ila mkufunzi alikuwa na mshahara wa kutosha kugawa, Fundi hakuwa nao.

Bahasha akanunua. Ya kodi, ya chakula, ya ada, ya nauli, ya akiba. Kisha akakaa akazitazama, kwa maana hakuna hata moja iliyokuwa na nafasi ya shati. Mwisho akaichana bahasha ya nauli, akaandika juu ya nyingine "mwonekano", na kuanzia siku hiyo akaenda kazini kwa miguu. Pesa ya nauli ikawa mashati matatu meupe ya mtumba. Moja lilikuwa na herufi za jina la mtu mwingine zimetariziwa kifuani, mkewe akazifumua moja moja kwa sindano. Kucha alizisugua kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na sukari, kila siku, mpaka ule weusi wa miaka ukakubali kutoka na ngozi yake ya juu ikatoka pamoja nao.

Wiki ya kwanza aliondoka nyumbani mchana kweupe akiwa na tai, kifua mbele. Mkufunzi hakuwa amewaambia kwamba tai hutangaza. Jioni ya kwanza mwenye duka aliyezoea kumkatalia mkopo alimkaribisha kiti. Jioni ya pili shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja kuzungumzia mtaji wa kufuga kuku. Siku ya tatu aliletewa kadi ya mchango wa harusi ya watu ambao hata hakuwahi kuwaona, na kadi yenyewe ilikuwa ya daraja la juu. Mwenye nyumba naye akapita, akamshika bega, akamwambia amefurahi sana kuona wapangaji wake wanaendelea, na kwamba amekuwa akiifikiria hii kodi, imekaa pale pale muda mrefu mno. Mshahara ule ule! Alitaka kuwapigia kelele wote: mshahara ni ule ule, nimeongezewa shati tu! Lakini nani husikiliza mtu mwenye tai akisema hana?

Ndipo akatunga uongo wake. Jumatatu iliyofuata alitoka na ovaroli, uso ameukunja, na mama wa chumba cha kona alipouliza, alijibu, "Wamenirudisha chini." Ilifanya kazi kuliko dawa. Ua mzima ulimpa pole, na pole yenyewe ilikuwa na utamu ndani yake. Mwenye nyumba alimpiga bega tena, safari hii kwa huruma, na habari ya kodi ikalala. Shemeji akapotea. Mwenye duka akaondoa kiti.

Aliyebaki ni mmoja, naye ndiye aliyemkosesha raha. Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyeuza cherehani yake ili mdogo wake akasomee ufundi wa magari. Hajawahi kumkumbusha jambo hilo hata siku moja, hata kwa utani. Wengine wote Fundi angeweza kuwakwepa na kulala usingizi. Dada akisema bati zinavuja, utamjibu nini? Utamwonyesha bahasha? Kwa hiyo Dada alipopiga simu, Fundi aliitazama ikiita mpaka ikakata, kisha akaandika ujumbe: "Niko kazini, Dada, nitakupigia." Hakupiga. Wiki ikapita, akaandika tena ule ule. Kila ujumbe ulimfanya ajione mdogo, na kwa kujiona mdogo akazidi kutopokea.

Mkewe ndiye aliyekuwa anajua ukweli, na ndiye aliyekuwa akifua. Mashati meupe hayawezi kuanikwa uani bila watu kuuliza, basi aliyafulia ndani, kwenye beseni, akayaanika kwenye kamba iliyovuka kitanda kutoka msumari mpaka msumari. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta. Mashati yalidondosha maji juu ya mto, juu ya madaftari ya watoto, juu ya sufuria. Asubuhi yalikuwa bado na ubichi, mke akayakausha kwa pasi kadiri alivyoweza, Fundi akalikunja moja, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akatembea nalo juani mwendo wote wa kwenda kazini. Mtu yeyote aliyewahi kusahau nguo mbichi kwenye ndoo anajua kilichokuwa kikitokea mle mfukoni. Yeye hakujua. Pua yake ilizoea petroli tangu ujana, haikuwa pua ya kutegemewa.

Miezi mitatu ilikuwa imebakiza siku chache. Jumatatu asubuhi meneja alimwita ofisini.

"Funga mlango, bwana. Kaa."

Akakaa.

"Nitakwambia jambo, usinichukulie vibaya. Kazi yako naiona. Kadi zako zinasomeka, wateja unawasikiliza, ingawa una tabia ya kuwajibu kabla hawajamaliza. Shati lako ni jeupe, limepigwa pasi." Akapanga kalamu zake. "Lakini linanuka."

"Linanuka nini, madam?"

"Uvundo. Juzi yule mama mwenye gari jekundu aliniuliza kama hapa mapokezi kuna bomba linavuja."

Fundi akajivuta nyuma kitini. Alitaka kueleza habari za kamba, za dirisha, za mwenye nyumba, lakini ungeanzia wapi? Madam, mashati yangu yamejificha kwa sababu ya shemeji anayetaka kufuga kuku?

"Mkurugenzi anakuja Ijumaa kukuangalia," meneja aliendelea. "Akikupitisha, umepita. Asipokupitisha mimi sina sauti, na chini unajua kulivyo. Rekebisha hilo."

"Nitarekebisha, madam."

Siku hiyo nzima aliwapokea wateja akiwa amerudi nyuma hatua moja kutoka mezani, mikono ameibana mbavuni, na kila aliyekunja pua kwa ajili ya moshi wa gari, Fundi alidhani ni yeye anayenuswa. Alichoka kuliko siku alizokuwa akibeba injini. Bahasha zote zile, viatu vile, kucha zilizosuguliwa mpaka zikauma, kutembea kwa miguu kama asiye na kazi, halafu mwisho wa yote uambiwe unanuka! Alirudi nyumbani mapema kidogo, jua bado kali, na hasira amezibeba zote, hakuna hata moja iliyopotea njiani. Akautupa mfuko juu ya kitanda.

"Mashati yananuka!"

Mkewe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nani kasema?"

"Meneja! Mbele yangu! Umeyafua na nini wewe?"

Hapo mke akaweka ungo chini. "Nimeyafua na sabuni, baba watoto, na mikono yangu hii. Yananuka kwa sababu yanafichwa. Nguo inataka jua. Kwani hata hilo nalo ni la kufundishwa kwa kompyuta?"

"Tukiyaanika nje watajua."

"Na wajue! Tangu uvae tai mimi nalala mvua inaninyeshea ndani ya nyumba. Yule mwenzangu wa kona kila siku ananipa pole, mume wako kashushwa, jipe moyo dada yangu. Nami napokea! Napokea pole za msiba ambao haupo! Mume wangu kapanda cheo na sina ruhusa ya kumwambia hata mama yangu."

"Watakuja kuomba."

"Waje. Wana midomo, na sisi tunayo. Kwani 'sina' ni neno zito kiasi gani?"

"Kwa wengine si zito," Fundi alisema, na sauti ikamshuka. Mke alielewa ni nani anayezungumziwa, maana alikwisha kuiona ile simu ikiita mpaka ikakata. Lakini hakumhurumia. Alivuta mashati kwenye kamba, akatoa na lile la mfukoni, akashika beseni, akatoka.

Aliyafua upya bombani, mbele ya watu, kwa povu jingi kuliko lililohitajika. Kisha akayaanika katikati ya kamba ya uani, mabega yamefunguliwa, mikono imening'inia, na tai akaibana na kibanio katikati yao, kusudi. Mama wa chumba cha kona akaja na kikombe chake mkononi.

"He! Ya nani haya?"

"Ya mume wangu."

"Si alirudishwa chini?"

"Hajarudishwa popote. Yuko mapokezi tangu siku ile."

Fundi alisikia yote kutoka ndani, amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa mikononi. Kama angekuwa na mlango wa nyuma angeutumia.

Kesho yake asubuhi alivaa shati lililokauka kwa jua, akatoka nalo mwilini, na habari ikawa imemtangulia. Mwenye nyumba alimngoja langoni. Safari hii hakumshika bega.

"Kumbe ulikuwa unatuchezea, Fundi. Mtu mzima."

"Mshahara haujapanda, mzee."

"Watu wa tai wote husema hivyo. Mwezi ujao kodi inabadilika."

"Basi niletee notisi ya maandishi, mzee, na muda wake uwe kama tulivyoandikiana."

"Siku hizi unazungumza kiofisi!" mwenye nyumba alisema, akaenda zake akisonya. Usidhani alishindwa. Notisi alikwenda kuiandika kweli.

Jioni shemeji akafufuka. Alikaa sana, akasifu chai, akasifu shati, hatimaye akafika kwenye kuku.

"Sina, shemeji."

"Hata kidogo?"

"Hata hicho kidogo kina bahasha yake."

Shemeji aliondoka bila kuaga vizuri, na mkewe Fundi, pamoja na maneno yake yote ya jana, alinuna mpaka wakati wa kulala, maana kaka ni kaka. Mwenye duka alikuja. Kadi ya harusi ilirudi, imeshuka daraja. Mpaka Alhamisi Fundi alikuwa amesema "sina" mara nyingi hivi kwamba neno lilimtoka lenyewe. Mwanawe alimwendea na penseli iliyovunjika ncha, akaambiwa "sina" kabla hajasema kuwa anachotaka ni wembe wa kuchongea. Naye Fundi hakupata ahueni yoyote aliyoitegemea. Alikuwa anakasirika anapoombwa, na anakasirika zaidi anapokataa.

Alhamisi hiyo alasiri, ametoka kazini mapema, alikuwa anapiga pasi shati la kesho. Ametandika blanketi juu ya meza, anazungusha pasi kwenye kola kwa uangalifu, anawaza mkurugenzi, anawaza harufu, analinusa shati kila baada ya muda kwa pua yake isiyotegemewa. Mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa Dada.

Hakuwa amemwona kwa miezi. Alikuwa amepungua, na mkoba wake wa kitambaa ulionekana mzito begani. Alivua kandambili, akaingia, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

"Mdogo wangu—"

"Dada, sina."

Lilimtoka hivyo hivyo. Mkewe, aliyekuwa anaingia na maji ya kunywa, alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Huna nini?" Dada aliuliza.

Badala ya kunyamaza, Fundi akaendelea. Mtu akishaanza kuporomoka, breki hazishiki. Akasema pesa. Akasema mshahara ni ule ule, watu wanaona tai wanadhani ni mshahara, akasema bahasha ya kodi, bahasha ya ada, mwenye nyumba na notisi yake, akasema kesho anakaguliwa na hajui itakuwaje, na kama kuna jambo la bati au la mtoto, yeye kwa kweli kwa sasa, labda baadaye, mambo yakikaa sawa. Dada alimsikiliza mpaka neno la mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi nimekuja kukupa hongera." Alisema taratibu, bila kupandisha sauti, afadhali angeipandisha. "Nimepata habari sokoni, kwa muuza vitunguu. Muuza vitunguu ndiye ananieleza mimi habari za mdogo wangu. Miezi hii yote napiga, hupokei. Nikajiambia, mgongo umezidi, hataki nijue. Nimekuwa naomba kila siku kwa ajili ya huo mgongo. Kumbe mgongo haujazidi. Kumbe ulikuwa unaniogopa mimi."

Pasi ilikuwa bado mkononi mwa Fundi. Mkewe akaja akaichukua, akaisimamisha, la sivyo shati lingeungua. Wale wote Fundi aliowakatalia wiki ile alikuwa na jibu kwa ajili yao. Huyu hakuwa ameomba kitu.

Dada akanyoosha mkono, akalivuta lile shati, akaligeuza kola kwenye mwanga wa mlango.

"Hii kola imekwisha. Tazama hapa inapokunjwa, nyuzi zimetoka nje. Ndiyo utakaguliwa nayo?"

"Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Nipe wembe."

Akafumua kola pale inaposhikana na shingo, mshono kwa mshono, akaitoa nzima. Akaigeuza, upande uliochakaa ukaenda chini na upande ambao haujawahi kuona jua ukaja juu, mweupe kabisa. Akatoa sindano na uzi kwenye mkoba wake, akaanza kuirudisha kwa mkono. Kwa cherehani ingekuwa kazi ndogo. Kwa mkono ilichukua muda mrefu, chai ya kwanza ikapoa, ya pili ikapoa, Dada akawa anasogeza shati karibu na macho kwa sababu macho nayo hayakuwa yale ya zamani. Hakuna aliyetaja cherehani. Fundi alikaa mbele yake kwenye kigoda, mikono kati ya magoti, akitazama sindano ikiingia na kutoka, na hasira yote aliyokuwa nayo kwa mwenye nyumba, kwa shemeji, kwa mkufunzi, kwa meneja, ikakosa pa kwenda, ikamrudia yeye mwenyewe.

Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akampa shati. Alikataa kulala, alikataa kula. Fundi akamsindikiza mpaka langoni, akambebea mkoba. Langoni Dada akauchukua mkoba wake.

"Jambo moja," alisema. "Usimwambie mtu 'sina' kabla hajakuuliza. Ni kukosa adabu."

Akaenda zake.

Ijumaa mkurugenzi alifika. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti zuri, alisimama kando ya meza ya mapokezi na mikono mgongoni, akatazama viatu vya Fundi, kucha za Fundi, kola ya Fundi. Akasogea karibu zaidi, na Fundi akaacha kupumua. Mkurugenzi hakukunja pua. Halafu mteja mmoja akaingia akiwa amewaka, gari lake lilitengenezwa juzi na kelele imerudi, ameibiwa, hii si gereji ni kichaka cha wezi. Fundi alikuwa na jibu tayari ulimini. Alijua kelele ile inatoka wapi kabla mtu yule hajamaliza sentensi ya pili. Akafungua mdomo, akakumbuka aliyoambiwa na Dada langoni, akaufunga. Akamwacha aseme mpaka akaishiwa, na alichukua muda. Kisha akamwambia, "Umemaliza, bwana? Haya, tuanze na gari." Mkurugenzi akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda ofisini kwa meneja.

Mchana wakamwita. Amepita. Amethibitishwa. Fundi aliwapa mkono wote wawili, akashukuru, na kwa kuwa mkufunzi aliwafundisha kuuliza mambo ya pesa bila haya, akauliza habari za nyongeza.

"Ah, nyongeza," mkurugenzi alisema. "Hiyo tumeiweka kwenye bajeti ya mwaka ujao. Ikipitishwa utaarifiwa. Kampuni nayo ina bajeti zake, unaelewa." Akasimama kutoka, akageuka. "Halafu tafuta koti. Mtu wa mbele anavaa koti."

Fundi akasema ndiyo, bosi. Angesema nini? Alitoka nje ya lango akasimama kwenye kivuli cha ukuta, mtu aliyefaulu, mwenye mshahara ule ule, notisi ya kodi njiani, shemeji aliyenuna na koti la kununua. Angechana bahasha gani sasa? Alitaka kuucheka ulimwengu, lakini kicheko hakikutoka. Akatoa simu, akampigia Dada.

Iliita mpaka ikakata.

Akapiga tena. Ikaita, ikaita, ikakata. Fundi alisimama pale ameishika simu sikioni hata baada ya mlio kwisha. Alijua inavyokuwa. Simu iko mezani, jina linaonekana, mtu anaitazama tu. Alijua mpaka maneno ya ujumbe utakaokuja. Alikaribia kuirudisha mfukoni, akapiga mara ya tatu.

"Haloo," Dada akasema, anahema kidogo. "Nilikuwa nakanda unga, mikono yote imejaa. Ulidhani nakukwepa?"

Magari yalikuwa yakipita. Fundi akashika kola kwa vidole viwili, pale iliposhonwa kwa mkono.

"Ndiyo, Dada."

"Basi sasa umejua kunavyouma," Dada akasema. "Haya, niambie."